Mche wa Embe Uliodhoofika: Je, Umekufa au Umelala?



Kila mwaka mvua ya vuli ikikaribia, vikundi vingi vya hapa Kasikeu na pande za Sultan Hamud hutoa pesa za mzunguko na kununua miche ya embe iliyopandikizwa. Mche mmoja ni shilingi 100 au zaidi, tena mama mmoja anaweza kuchukua kumi kwa mkopo wa kikundi. Mvua inanyesha, miche inashika, kila mtu anafurahi. Halafu Februari inafika na jua lake. Majani yanajikunja, yanakuwa ya kahawia, yanaanguka. Hapo ndipo kwenye mkutano maneno huanza: fulani ni mvivu, fulani alimwagia mbuzi, yule aliyetuuzia alituibia. Mche unang'olewa na kutupwa, lakini deni linabaki kwenye daftari la mweka hazina.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. Kwanza, kutambua kama mche uliodhoofika bado uko hai, na ni sehemu gani iliyo hai. Pili, kuufufua ule unaoweza kufufuka. Nimeona miche mingi iliyong'olewa ikiwa hai, na pia nimeona akina mama wakibeba maji kutoka mtoni kumwagilia kijiti kilichokufa tangu Krismasi. Yote mawili ni hasara, na hiyo ya pili naiona mbaya zaidi, kwa sababu maji hapa kwetu yanabebwa mgongoni.

Tuanze na ukucha

Usiutazame mche kwa macho peke yake. Mwembe ukipata shida huangusha majani ili usipoteze maji, na mti usio na majani si lazima uwe maiti. Chukua ukucha au ncha ya kisu, ukwaruze ganda la juu kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Ukiona rangi ya kijani na unyevu chini ya ganda, hapo pana uhai. Ukiona kahawia na ukavu kama kuni, hapo pamekufa. Anza kileleni, teremka kidogo kidogo mpaka ufikie kijani. Mara nyingi utakuta nusu ya juu imekauka na nusu ya chini ni nzima. Usikwaruze kuzunguka shina lote, maana utakuwa umelinyonga, na usirudie kila siku kwa wasiwasi. Mara moja kwa wiki mbili inatosha.

Jihadhari na utomvu wa mwembe. Kuna watu ambao ukiwagusa ngozi huwasha na kutoa malengelenge. Nawa mikono kabla ya kujigusa macho.

Kuna jambo lingine linalowatisha bure wale wanaopanda kwa mara ya kwanza. Mwembe haukui kila siku. Hutoa majani kwa vipindi, kisha hukaa kimya kwa wiki nyingi kama uliolala. Na yale majani mapya yanapotoka huwa mekundu-mekundu au rangi ya shaba, laini, yameinama chini kama yaliyochomwa na jua. Huo si ugonjwa. Ngoja siku chache yatakomaa na kuwa ya kijani na kusimama. Mzee mmoja aliwahi kukata machipukizi yote ya namna hiyo akidhani anaondoa ugonjwa, na mwembe wake ukachelewa msimu mzima.

Ni nini kilicho hai: embe ulilonunua au la kienyeji?

Hili ndilo jambo ambalo wengi hawafundishwi, na ndilo linalowafanya wapate hasara kubwa kimya kimya.

Mche uliopandikizwa ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni shina lililoota kutoka kokwa la embe la kienyeji, lile lenye nyuzi, kwa sababu mizizi yake ni migumu na inavumilia. Juu kimeungwa kijiti kutoka mwembe wa aina nzuri: Apple, Ngowe, Kent, Tommy Atkins au Van Dyke. Pale palipoungwa pana kovu, uvimbe kidogo, au mahali shina linapopinda na ganda kubadilika rangi. Kwa kawaida pako kimo cha shubiri moja au mbili kutoka kwenye udongo. Tafuta kovu hilo kwanza, kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Sasa, ukikuta kijani juu ya kovu, mche wako ungali mche ulionunua. Kata sehemu iliyokauka mpaka ufikie kijani, uutunze. Machipukizi yoyote yanayotoka chini ya kovu yaondoe kwa kidole yakiwa bado machanga, kwa maana yananyonya chakula na yana nguvu kuliko kile cha juu.

Lakini ukikuta juu ya kovu pamekauka kabisa na chini yake kuna chipukizi zuri la kijani, usishangilie bado. Hilo ni la kienyeji. Tulitembelea mama mmoja aliyekuwa na mche wa namna hiyo, mrefu kumpita, wenye majani mazito. Aliutunza miaka miwili. Nikamwambia, "Mama, hebu tuangalie chini." Kovu lilikuwa pale, na juu yake kisiki kikavu kama kidole. Akaniuliza, "Kwa hivyo nimekuwa nikilea mtoto wa jirani?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa amehesabu kuvuna mwaka uliofuata. Mwembe uliopandikizwa unaweza kuanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, lakini ule wa kokwa unaweza kukuweka miaka 6 au zaidi, na ukizaa hujui utapata embe gani sokoni.

Hata hivyo mti wake haukuwa wa kutupa. Shina la kienyeji lililo hai na lenye mizizi iliyozama ni mali. Chagua chipukizi moja lililonyooka, ondoa mengine, liache likue mpaka unene wa penseli, halafu mwite mtu anayejua kupandikiza aunge kijiti kipya hapo hapo shambani. Ukiwa na shina kubwa kama la yule mama, linakatwa, machipukizi mapya yanatoka, na hayo ndiyo yanayoungwa. Mti kama huo huenda haraka kuliko mche mpya kutoka kitaluni, kwa sababu mizizi imeshajua njia ya maji. Kikundi chenye watu 20 hakikosi kijana mmoja wa kutumwa kujifunza kazi hii ya kupandikiza. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa iliyotumika vizuri kuliko kununua miche mingine 50.

Na kama ukucha hauoni kijani popote, hata ukichimbua kidogo mpaka kwenye shingo ya mizizi, basi umekufa. Uache. Maji hayo mpe mwingine.

Mti wa Wajapani

Huenda baadhi yenu mmeona Nairobi miti midogo iliyozeeka ndani ya sahani ya udongo, ikiuzwa kwa bei ya kushangaza. Kazi hiyo inaitwa bonsai. Ilianzia Uchina na Wajapani wakaikuza. Mti wa kawaida wa porini huwekwa katika chombo kidogo, kisha mizizi na matawi hupunguzwa kwa ustadi ili ubaki mdogo. Kuna msonobari mmoja wa namna hiyo ambao umetunzwa tangu 1625. Ulikuwa katika boma la familia ya Yamaki huko Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, kiasi cha kilomita 3 tu kutoka hapo, ukapona nyuma ya ukuta. Mwaka 1976 familia hiyo iliutoa zawadi kwa Marekani, na mpaka leo unatunzwa Washington.

Nauliza: mti wa chunguni unaishije karibu miaka 400, na wetu wa shambani unakufa kwa miezi minne? Jibu ni kwamba wa Wajapani una mtu anayeutazama kila siku, na kila baada ya miaka kadhaa hutolewa chomboni, mizizi inayozunguka hukatwa, na udongo hubadilishwa. Wanajua kwamba mizizi iliyobanwa huua mti.

Sasa tazama mche wa embe uliokaa miaka miwili ndani ya ile karatasi nyeusi ya nailoni. Mwembe una mzizi mkuu unaotaka kwenda chini moja kwa moja. Ukifika chini ya karatasi unageuka, unazunguka kama kamba ndani ya ndoo. Umefanya bonsai bila kukusudia. Ukiupanda hivyo, mizizi inaendelea kuzunguka mahali pale pale, na kiangazi kikija haina njia ya kufuata unyevu ulio chini. Na ukiupanda pamoja na karatasi yenyewe, kama wengi wanavyofanya wakisema ati itaoza, basi umeuzika ukiwa hai. Nailoni haiozi.

Kwa hiyo ukinunua, inua mche utazame chini. Mizizi mingi minene ikitokeza nje na kujikunja, uache au omba bei ipunguzwe. Kama ni wako tayari, mwagilia kwanza udongo ushikane, pasua karatasi, na kwa kisu kikali kata kipande chembamba cha chini, unene wa kidole, palipo na yale mafundo. Pembeni ikate mizizi inayozunguka sehemu tatu au nne kwa kupitisha kisu kutoka juu hadi chini. Nyoosha iliyobaki kwa upole. Fanya hivyo jioni, au siku ya mawingu, wala si saa sita ya mchana. Na mche ulio dhaifu sana usiufanyie operesheni hii mpaka upate nguvu kwanza.

Kwa nini umedhoofika?

Maji ndiyo sababu ya kwanza, lakini si uchache tu. Chomeka kidole kwenye udongo, au chimba kidogo kwa kijiti umbali wa shubiri kutoka kwenye shina. Udongo ukiwa mkavu chini na majani yamejikunja kuwa makavu kutoka pembeni, ni kiu. Lakini majani yakiwa ya manjano na yamelegea, na udongo ni tope lenye harufu mbaya, mizizi inazama. Hii huwapata hasa walio kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Watu wakiona majani yamelegea huongeza maji, na hapo wanamaliza kazi. Mche kama huo unahitaji mfereji wa kutoa maji, au kupandwa juu ya kichuguu kidogo.

Ya pili ni chumvi. Visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine pande zetu za Makueni vina maji ya chumvi-chumvi, nasi tumezoea hata hatuisikii tena mdomoni. Mwembe unaisikia. Utaona ncha za majani zimeungua, kisha kuungua kunarudi nyuma taratibu, na huku udongo una unyevu. Miche michanga ipewe maji ya mvua yaliyowekwa kwenye tangi au maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto, kama ni matamu. Ikiwa huna ila ya kisima, afadhali umwagilie mengi kwa wakati mmoja mara chache, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, kuliko kikombe kidogo kila jioni kinachoiacha chumvi juu. Maji ya kuosha mboga na mchele ni mazuri. Maji ya kufulia nguo yenye sabuni ya unga si mazuri, nayo yana chumvi yake.

Ya tatu ni mchwa, na hapa sihitaji kueleza sana. Chimbua shingo ya mche uone kama kuna kile kifuniko chao cha udongo. Ondoa udongo huo, sogeza nyasi kavu mbali na shina, weka jivu kuzunguka na ulirudishe kila mvua ikilichukua. Jivu halimalizi mchwa, linawachelewesha tu. Jambo la maana ni kwamba hupenda zaidi mche ulio na kiu, kwa hiyo ukitibu kiu umetibu nusu ya mchwa.

Ya nne, mbolea mbichi. Samadi iliyotoka zizini juzi ina moto, na mizizi michanga inaungua. Iache irundikwe miezi mitatu hivi, ipoe, isiwe na harufu kali. Mbolea ya dukani nayo usiupe mche mgonjwa, kwani ni kama kumlisha nyama choma mtu aliyetoka kutapika.

Wadudu weupe kama pamba chini ya majani, au vile vigamba vinavyong'ang'ania, safisha kwa kitambaa na maji yenye sabuni ya kipande kidogo, kisha suuza. Mbuzi mnamjua wenyewe. Miiba.

Namna ya kuufufua

Kama mche ungali kwenye karatasi, uondoe juani. Usiuweke ndani ya nyumba ambamo ni giza, bali chini ya mti unaopitisha jua nusu nusu, au kibanda cha nyasi. Kata vilivyokauka hadi kwenye kijani, kata kwa mshazari ili maji yasisimame. Kisha chukua karai la maji, zamisha karatasi nzima ndani mpaka kimo cha udongo. Utaona mapovu yakitoka. Yakiisha, inua, uache uchuruzike kabisa. Udongo uliokauka sana hukataa maji. Ukimwaga kwa juu yanapita pembeni na katikati panabaki vumbi, na ndiyo maana utamsikia mtu akisema, "Mimi namwagilia kila siku." Anasema kweli. Baada ya hapo mwagilia tu kidole kikikuta pameanza kukauka.

Kama umeshapandwa shambani, usiung'oe. Tengeneza beseni la udongo kuuzunguka, lenye upana wa hatua moja. Jenga kivuli cha matawi upande wa magharibi, kule jua kali la mchana linakotoka. Weka nyasi kavu unene wa kama sentimita 10, lakini ziache shubiri moja kutoka kwenye shina. Maji debe moja kwa wiki, yakigawanywa mara mbili, yanatosha mche mdogo kama yanafika kwenye mizizi. Ili yafike, toboa tundu dogo kwa sindano ya moto chini ya jerikeni kuukuu la lita 5, lizike nusu karibu na mche, ulijaze. Maji yatatoka tone kwa tone chini, jua lisiyaone. Nyungu ya udongo isiyopakwa rangi, ikizikwa hadi shingoni na kufunikwa, hufanya kazi hiyo hiyo, na ni nzuri zaidi kwa maoni yangu, ila siku hizi nyungu zimekuwa ghali.

Halafu ngoja. Huenda mwezi, huenda miwili. Chipukizi likitoka, tazama limetoka juu ya kovu au chini. Majani yakishakomaa ndipo utie samadi iliyoiva, kidogo, ukingoni mwa beseni. Ukitoa maua mwaka wa kwanza au wa pili, yakate. Najua inauma, lakini mche uliotoka kuugua hauwezi kubeba mimba.

Wale watakaopanda upya, chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande mapema kabla ya mvua ya Oktoba, mkitenga udongo wa juu na wa chini. Udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyoiva, urudi shimoni. Kovu libaki juu ya ardhi daima. Mwenye fanya juu apande karibu na mtaro wake, ambapo maji hukusanyika. Matuta hayo wazazi wetu waliyachimba kwa mwethya, si kwa ajili ya mahindi peke yake. Na mnunue kwenye kitalu kilichosajiliwa, muulize mche ni aina gani, mpewe risiti. Kiwanda cha matunda cha kaunti kule Kalamba, pamoja na wanunuzi wa barabarani, hutazama aina ya embe. Hawatanunua hadithi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kila mmoja aseme ana miche mingapi iliyodhoofika. Kabla ya mkutano ujao, mwende shamba kwa shamba pamoja, mkwaruze, mhesabu: mingapi ni hai juu ya kovu, mingapi ni hai chini tu, mingapi imekufa. Mweka hazina aandike.

2. Maji ya kumwagilia yanatoka wapi, na ni nani anayeyabeba? Yameonjwa chumvi?

3. Mwanachama ambaye miche yake imekufa bila kosa lake alipe deni lote, nusu, au apewe muda mpaka vuli? Mkate shauri mkiwa mmeiona miche yenyewe.

4. Ni nani kati ya vijana wetu atatumwa kujifunza kupandikiza, na nauli yake itatoka mfuko gani?